UZI: Luke Humphries, fundi wa kuezeka mapaa aliyefika namba moja wa vishale duniani. Tuchambue hesabu, ubao na pesa

#1 Mrusha_Kishale
Wakuu, kila Desemba na Januari jukwaa hujaa klipu za Luke Littler, na Humphries anatajwa tu kama yule jamaa aliyemfunga dogo huyo fainali ya ubingwa wa dunia ya 2024. Uzi huu ni wa huyo jamaa. Ukitaka kuelewa jinsi Mwingereza anavyotoka kwenye ajira ya kawaida hadi kuishi kwa vishale, safari yake inafundisha kuliko ya Littler, maana Littler ni kipaji cha kipekee. Ya Humphries unaweza kuifuata ngazi kwa ngazi.

Alizaliwa 11 Februari 1995, Newbury, kaunti ya Berkshire. Kabla ya vishale kumlipa alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Jina la jukwaani ni "Cool Hand".

Ngazi ya kwanza ilikuwa ziara ya vijana ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa. Huko alibeba mataji mengi, na mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia wa vijana kwa kumchapa Adam Gawlas 6-0. Lakini kabla ya hapo, kwenye ubingwa wa dunia wa wakubwa wa 2019, alikuwa tayari amemtoa Rob Cross, bingwa mtetezi, na kufika robo fainali. Akarudi robo fainali 2020, na tena 2022. Mwaka 2021 alicheza fainali ya UK Open, akala 11-5 kutoka kwa James Wade.

Yaani miaka yote hiyo alikuwa mzuri wa kutosha kuwatisha wakubwa, ila kombe kubwa hana. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alisumbuliwa na wasiwasi mkali jukwaani hadi akafikiria kuacha. Alitafuta msaada wa ushauri, akapunguza uzito mwingi, na 2022 akafunguka: mataji manne ya Ziara ya Ulaya ndani ya mwaka mmoja.

Kisha ikaja ile miezi mitatu:
Oktoba 2023, World Grand Prix pale Leicester, 5-2 dhidi ya Gerwyn Price.
Novemba 2023, Grand Slam pale Wolverhampton, 16-8 dhidi ya Rob Cross.
Novemba hiyohiyo, Players Championship Finals pale Minehead, 11-9 dhidi ya Michael van Gerwen.
3 Januari 2024, ubingwa wa dunia, Alexandra Palace, 7-4 dhidi ya Littler wa miaka 16.

Karibuni tuchambue. Wenye hesabu waje na hesabu.

#2 Sikio_la_Kufa
Mkuu shukrani. Swali la mgeni: huo unamba moja unapatikanaje? Kuna pointi kama tenisi?

#3 Daftari_la_Pauni
Hakuna pointi, ndugu. Ni pesa tupu. Orodha ya ubora ya PDC inajumlisha zawadi ulizoshinda kwenye mashindano yanayohesabiwa ndani ya miaka miwili iliyopita. Pauni moja ni pauni moja, iwe ya jukwaa kubwa au ya ukumbi usio na shabiki. Pesa ikitimiza miaka miwili inafutwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kumsoma Humphries. Wanadhani alikuwa namba moja kwa sababu alishinda fainali na Littler. Alishapata nafasi hiyo kwa kumpiga Scott Williams 6-0 nusu fainali. Fainali ikamwongezea pauni 500,000 za bingwa (aliyeshindwa alipata 200,000), na mzigo huo ukakaa kwenye hesabu yake hadi Januari 2026.

Sasa angalia upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2024 alirudi kutetea World Grand Prix, akafika fainali, akafungwa 6-4 na Mbelgiji Mike De Decker. Ubingwa wa dunia wa 2025 akatolewa na Peter Wright 4-1 raundi ya nne. Akiba ya 2023 na 2024 ndiyo iliyomweka juu huku Littler akijaza kapu lake. Novemba 2025 Littler akafika fainali ya Grand Slam na kumpita, kisha akamfunga Humphries mwenyewe 16-11 kwenye fainali hiyo.

La kukumbuka: si kila zawadi inahesabiwa. Premier League ya vishale ni ya mwaliko, kwa hiyo pauni 275,000 alizobeba Mei 2025 kwa kumfunga Littler 11-8 pale O2 London zinaingia mfukoni lakini haziingii kwenye orodha. Vilevile Kombe la Dunia la jozi alilotwaa 2024 na Michael Smith kwa ajili ya England.

#4 Sikio_la_Kufa
Na kuingia humo ndani? Mtu anaanzia wapi?

#5 Daftari_la_Pauni
Kadi ya ziara ya PDC. Zipo 128 tu. Unaipata kwa kufuzu mashindano ya Januari yanayoitwa Q-School, au kwa kumaliza juu kwenye ziara za chini, ikiwemo ile ya vijana. Kadi inadumu miaka miwili. Ikiisha, uwe ndani ya 64 bora, la sivyo unarudi kwenye foleni.

Ukishaipata, mshahara hakuna. Nauli, hoteli na chakula ni juu yako au mdhamini wako. Kazi kubwa ni yale mashindano ya ukumbini, Players Championship, ambayo mwaka 2023 yalikuwa 30. Watu 128, mbao zimepangwa mstari, na yote yanamalizika siku moja. Ukitaka kombe ushinde mechi saba tangu asubuhi hadi jioni. Wakati huo ukifungwa raundi ya kwanza uliondoka na sifuri. Mechi za mwanzo ni wa kwanza kufika legi sita, kwa hiyo ukilala dakika kumi umeshatoka.

Humphries aliiva huko. Mtu akikwambia alitokea ghafla 2023, ujue anaangalia televisheni tu.

#6 dabo_kumi_na_sita
Naomba niguse ile fainali ya 2024, maana inasimuliwa vibaya.

Mfumo: bingwa ni wa kwanza kufika seti 7. Seti ni wa kwanza kufika legi 3. Legi inaanzia 501, unapunguza hadi sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa nje unaozidisha namba mara mbili, au buli ya katikati.

Littler alikuwa mbele 4-2 na akapata kishale cha dabo 2 ili iwe 5-2. Akakosa. Humphries akaichukua seti hiyo, ikawa 4-3, kisha akabeba zote zilizofuata: seti tano mfululizo. Wastani (pointi kwa kila vishale vitatu) ulimalizikia 103.67 kwa 101.13.

Ukitaka kujua 103.67 ni nini: zidisha 501 kwa tatu, yaani 1503, kisha gawanya kwa idadi ya vishale vya legi. Vishale 15 ni wastani wa 100.2. Vishale 12 ni 125.25. Vishale 9, ambavyo ndiyo uchache unaowezekana, ni 167. Kwa hiyo Humphries alikuwa kwenye kasi ya kumaliza legi kwa takriban vishale 14 na nusu, fainali nzima.

Na kabla ya hapo karibu tumsahau kabisa. Ricardo Pietreczko alikuwa mbele yake 3-1 raundi ya tatu, Humphries akaponea 4-3. Raundi iliyofuata Joe Cullen naye akampeleka hadi 4-3. Baada ya kuponea mara mbili akamfunga Dave Chisnall, kisha akamfagia Williams 6-0. Mtu aliyeponea chupuchupu huwa anarusha kama hana deni.

#7 Mama_Hesabu
Nakubali, ila dabo 2 haikuwa bahati mbaya tu. Tueleze kwa nini dabo ndogo zinaogopesha.

Mtaalamu hupenda abakiwe na 32 au 40. 32 ni dabo 16. Ukikosa kwa ndani, kishale kinaingia singo 16, eneo lisilozidisha namba, unabaki na 16, yaani dabo 8. Ukikosa tena kwa ndani: 8, dabo 4. Kisha 4, dabo 2. Kisha 2, dabo 1. Unagawanya kwa mbili mara nne bila kuharibu namba. 40 ni dabo 20: ukikosa kwa ndani ni 20, dabo 10, tena ni 10, dabo 5, tena unabaki na 5, namba witiri, na sasa lazima upoteze kishale kuisawazisha.

Kwa hiyo ukimwona mtu kwenye dabo 2, mara nyingi njia nyingine zimemwishia. Akikosa kwa nje anabaki na 4 yake. Akikosa kwa ndani anabaki na 2, dabo 1, na pale kosa la ndani linakuacha na 1, ambayo haifungiki, hivyo zamu yote inafutwa. Isitoshe dabo 2 ipo chini kulia, kati ya 15 na 17, mahali ambapo mkono haujazoea kama juu kwenye 20 au kushoto kwenye 16.

#8 Mrusha_Kishale
Mama Hesabu, uwaeleze na ile ya kuhamia 19. Watu huuliza kila siku kwa nini Humphries anaacha 20 ghafla.

#9 Mama_Hesabu
Sababu mbili.

Ya kwanza ni kuona. Ukanda wa trebo, ule wa ndani unaozidisha namba mara tatu, una upana wa milimita 8 tu. Kishale cha kwanza kikilala vibaya mbele ya trebo 20, cha pili kinagonga mkia wake na kudondoka, na kilichodondoka ni sifuri. Afadhali ushuke trebo 19, ni pungufu ya pointi tatu tu.

Ya pili ndiyo tamu. Kiwango cha juu unachoweza kufunga kwa vishale vitatu ni 170: trebo 20, trebo 20, buli (50). Lakini zipo namba chini ya hapo ambazo hazifungiki kwa vitatu: 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159. Kariri hizo saba.

Sasa umebakiwa na 189 na kishale kimoja mkononi. Ukirusha 20 na ikaingia singo, unabaki 169, umekwama. Ukirusha 19, singo inakuacha 170, na trebo inakuacha 132. Zote zinafungika. Vivyo hivyo:
186: singo 20 inaacha 166, mbaya. Singo 19 inaacha 167 (trebo 20, trebo 19, buli).
183: singo 20 inaacha 163, mbaya. Singo 19 inaacha 164.
188: hapa 20 inaacha 168 na 19 inaacha 169, zote mbovu. Nenda 18, unabaki 170.
185 na 182: tena 18.
179: 20 inaacha 159. Nenda 19, unabaki 160.

Mchezaji anafanya hivi ndani ya sekunde moja, mpinzani akiwa amesimama nyuma yake na watu maelfu wanaimba. Anayetulia kufikiria tayari ameharibu mdundo wa mkono. Kwa hiyo hukaririwa kama jedwali la kuzidisha, hazipigiwi hesabu pale.

#10 Kijana_wa_Ilala
Tukubaliane tu Littler ni habari nyingine. Bingwa wa dunia 2025 na miaka 17, akampiga Van Gerwen 7-3. Humphries alikuwa mlinzi wa kiti.

#11 dabo_kumi_na_sita
Mlinzi wa kiti habebi World Matchplay. Julai 2024 pale Winter Gardens, Blackpool, Humphries alimfunga Van Gerwen 18-15. Ukijumlisha ubingwa wa dunia na Premier League ya 2025, amekamilisha yale makombe matatu makubwa. Kabla yake waliokuwa wamefanya hivyo ni Phil Taylor, Van Gerwen na Gary Anderson tu. Littler akawa wa tano, miezi miwili baadaye.

Kipaji cha Littler sikipingi. Kwenye kufunga trebo mfululizo sijaona wa kumlinganisha naye. Lakini kwenye fainali walizokutana Humphries amechukua ubingwa wa dunia, Players Championship Finals ya 2024 (11-7) na Premier League ya 2025. Littler amechukua Premier League ya 2024, tena kwa mchezo wa vishale tisa ndani ya fainali, World Grand Prix ya 2025 (6-1) na Grand Slam. Huo ni ushindani. Taylor alikaa miaka mingi bila mtu wa kumsumbua hivyo, na ndiyo maana ana mataji 16 ya dunia. Si kwa kumdharau.

#12 Mrusha_Kishale
Naongezea moja kuhusu World Grand Prix, kombe kubwa la kwanza la Humphries. Lile lina sheria yake: huwezi kuanza kuhesabu hadi upige dabo. Kufunga na kufungua, vyote dabo. Wafungaji wakubwa wa trebo huaibika pale, wanarusha zamu mbili tatu ubao ukisoma 501 ileile. Kwa hiyo wastani wa pale usiulinganishe na wa mashindano mengine, lazima uwe chini.

Mchezo wa vishale tisa pale ni kazi ngumu zaidi. Brendan Dolan aliufanya 2011 kwa mara ya kwanza mbele ya kamera: 160, 180, 161. Dabo 20 na trebo mbili, kisha trebo tatu, kisha trebo 20, trebo 17, buli.

Nadhani si ajali kwamba Humphries alifungua pazia pale. Mchezo wake unasimamia dabo.

#13 mkonge_wa_naivasha
Watu wangu, mmesahau sisi. Ule ubao ni katani! Katani ya Afrika Mashariki inakatwa, inafungwa vifungu vifungu, inabanwa kwa nguvu, kisha inapakwa rangi na kuwekewa waya. Kundi la Nodor, ambalo lina Winmau na Red Dragon anazorusha Humphries, lina kiwanda Kenya. Na tangu 2022 ubao rasmi wa PDC ni Winmau.

Halafu yule Mike De Decker aliyemnyang'anya Humphries World Grand Prix? Desemba 2025 pale Alexandra Palace alikutana na Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, akaongoza 2-0, akafungwa 3-2. Mkenya wa kwanza kwenye ubingwa ule. Endeleeni.

#14 Sikio_la_Kufa
Hii sikuijua. Sasa wakuu, nimeshawishika. Ubao unatundikwaje? Nisije nikajifunza kwa vipimo vya uongo.

#15 Bwana_Rula
Zamu yangu.

Katikati ya buli hadi sakafuni: mita 1.73. Mstari wa kusimama hadi uso wa ubao: mita 2.37. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kupima 2.37 kutoka ukutani. Ubao una unene wa karibu sentimita 4, na kama kuna mbao ya kutundikia nyuma yake umeongeza nyingine. Ukipima kutoka ukutani unasimama karibu mno, na siku ukienda kwenye ubao sahihi vishale vyote vinashuka chini ya trebo. Ning'iniza uzi wenye uzito kutoka usoni mwa ubao hadi sakafuni, anzia hapo.

Kuhakiki: pima mshazari kutoka katikati ya buli hadi mstari wa kusimama. Iwe mita 2.93. Ikikataa, kipimo kimojawapo ni kibovu au sakafu imeinama.

Sehemu ya 20 iwe juu kabisa na iwe nyeusi. Taa iangaze bila kuweka kivuli cha kishale kwenye trebo.

Utunzaji: usiloweshe maji. Mbao za zamani za mti zililoweshwa, za katani zinavimba na kuharibika. Zungusha ubao mara kwa mara ili eneo la 20 lisilike peke yake: toa pete ya namba, zungusha ubao sehemu mbili, rudisha pete. Mbili, siyo moja, maana ukisogeza moja 20 inaangukia rangi nyeupe. Na kagua ncha za vishale. Ncha ikijikunja kidogo kama ndoana, kila ukichomoa unavuta nyuzi. Isugue kwa msasa laini huku ukiizungusha, ila usiichonge ikawa sindano.

#16 Kijana_wa_Ilala
Na vishale? Ninunue vizito viende moja kwa moja?

#17 Bwana_Rula
Sheria inaruhusu hadi gramu 50, lakini wataalamu wengi wako kati ya 20 na 26. Kishale kizito mno kinakulazimisha kurusha kwa bega, kinapanda na kushuka kama jiwe.

Cha maana zaidi ni unene. Tangsteni ni nzito karibu mara mbili ya shaba njano, kwa hiyo kwa uzito uleule mwili wa kishale unakuwa mwembamba, na vitatu vinaenea ndani ya trebo bila kusukumana. Kwa seti ya kwanza chukua gramu 22 au 23 na mabawa mapana, yanasamehe mkono usiotulia. Kishale kikitua mkia ukiwa umeinuka sana, jaribu shina fupi au refu kabla ya kubadilisha mkono wako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, urushe angalau vishale mia moja ndipo uamue.

#18 Sikio_la_Kufa
Nimepima. Ubao wa pale kijiweni mshazari wake ni mita 2.86. Kumbe ndiyo maana kila mtu pale ni bingwa.